Tuyanusuru malori ya kale kabla hayajawa nondo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nalo ni la malori ya kale yanayokatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo katika miji iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mimi ni mkazi wa Iringa, fundi makanika niliyestaafu, na kwa miaka 23 sasa nimekuwa nikikusanya malori ya zamani na magari yaliyowahi kutumika jeshini, kwa fedha yangu na kwa mikono yangu. Uani kwangu yamo manne: Bedford mbili, Leyland Albion moja ambayo bado haina injini, na Land Rover ya mwaka 1959 ambayo bamba lake linaonyesha kuwa ilianza kazi katika jeshi la wakoloni kabla ya Uhuru.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa gereji alinipigia simu jioni kuniarifu kwamba katika yadi moja nje kidogo ya mji kulikuwa na Fiat 682 iliyosimama tangu miaka ya 1980, na kwamba wanunuzi wa chuma chakavu walikwisha kuonekana pale. Nilifika asubuhi ya pili yake, nikakuta mitungi ya gesi imeshushwa, kabini imelazwa chali kwenye majani yenye umande, na chesisi imekatwa vipande vitatu ili ienee kwenye Canter. Kijana aliyekuwa akikata alikuwa mpole. Alizima moto, akavua miwani, akanisalimu, kisha akaniuliza nahitaji nini. Nilimwomba mlango wa dereva. Akaupima kwenye mizani, nikalipa bei ya chuma, nikaondoka nao.

Ndani ya mlango huo, chini ya hendeli ya kioo, kuna maandishi yaliyochongwa kwa ncha ya msumari kwenye rangi. Yameandikwa majina ya miji, moja chini ya jingine: Moro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Ndola. Mbele ya jina la Ndola, mji wa Zambia ulio katika ukanda wa shaba, kuna vistari vidogo vilivyopangwa vitano vitano, jinsi watu wanavyohesabu magunia ghalani. Nilivihesabu mara mbili chini ya taa, na mara zote mbili nilipata 61. Mtu mmoja, ambaye jina lake hakuliandika, alikwenda Ndola mara 61 katika lori lile, na lau kama ningechelewa saa moja zaidi, hesabu yake ingeyeyushwa tanurini pamoja na springi na ringi.

Vijana wengi wanaopita leo mlima Kitonga kwenye lami hawajui safari ya Ndola ilikuwa na maana gani. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, nchi changa isiyo na bahari, ikajikuta mafuta yake na shaba yake vinategemea njia inayopita mikononi mwa watu wasioitakia mema. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa ya kwetu, kilomita zinazokaribia 2,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope la kuzamisha magurudumu wakati wa masika. Kwa Kiingereza ilibandikwa jina la Hell Run, yaani njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia na Wataliano, na ndipo Fiat zilipomiminika: zikipanda na mapipa ya mafuta, zikishuka na shaba. Bomba la TAZAMA lilianza kupitisha mafuta mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kwa hiyo ipo miaka ambayo nchi nzima ya jirani ilibebwa na malori, pamoja na madereva na matanboi waliolala chini ya malori hayo porini, huku wakichemsha maji ya chai kwenye kopo la maziwa.

Nimekwenda mara kadhaa katika Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, na ninafurahi kwamba magari ya viongozi yamehifadhiwa, ikiwamo Rolls-Royce iliyotumika na wakoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Gari lile linastahili kuwa pale. Reli nayo ina makumbusho yake Nairobi tangu mwaka 1971, ambako mtoto anaweza kupanda kwenye injini ya mvuke na kuzishika nyenzo za dereva. Lakini lori, chombo kilicholeta unga, saruji, mbolea, vitabu vya shule na majeneza ya ndugu zetu waliofia mbali, natafuta lilikohifadhiwa kwa heshima kama hiyo katika nchi hii na silioni.

Wapo wanaodhani kwamba kukusanya magari ya kijeshi ni shughuli ya Wazungu wenye fedha, isiyotuhusu. Nawaomba wakumbuke Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na kwa kuwa dunia ilikuwa imetoka vitani na matrekta mapya hayapatikani, walileta mitambo iliyobaki vitani. Vifaru vya aina ya Sherman viliondolewa mizinga, vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta ya kung'olea visiki, vikaitwa Shervick, jina lililounganishwa kutokana na Sherman na Vickers. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama tofali lililochomwa, na ilivishinda vyuma hivyo. Mradi uliachwa mwanzoni mwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Kifaru kilichobuniwa kupigana Ulaya kilikuja kulima karanga Ugogoni. Ni nani atakayeniambia kwamba historia hiyo si yetu?

Hata udereva wenyewe, kwa wazee wengi, ulitoka jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wa Afrika Mashariki walifundishwa kuendesha na kutengeneza malori ya jeshi, wengine wakafika nayo hadi Burma mwaka 1944, na waliporudi nyumbani ndio waliokuwa madereva na mafundi wa mwanzo katika miji mingi midogo. Aliyenifundisha mimi kazi alifundishwa na mmoja wao. Miaka mingi baadaye, ilipozuka vita ya Kagera mwaka 1978, malori na mabasi ya raia na ya mashirika ya umma yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa kaskazini, na lori la kubeba tumbaku au pamba likawa la kijeshi kwa miezi kadhaa, kisha lililonusurika likarudi kubeba tumbaku. Kwetu hapa mpaka kati ya lori la jeshi na lori la uraiani haujawahi kuwa mstari ulionyooka, na kwa sababu hiyo mimi siyatenganishi katika kuyakusanya.

Sasa niseme kuhusu namna ya kuyatunza, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Uingereza, ambako msafara wa magari ya kale ya biashara kutoka London hadi Brighton ulianza mwaka 1962, na Marekani, ambako chama cha wahifadhi wa magari ya kijeshi kiliundwa mwaka 1976, wapenzi wengi hujitahidi kulirudisha gari katika hali liliyotoka nayo kiwandani, hadi rangi ya nati na chapa ya tairi. Nawaheshimu kwa uvumilivu wao. Lakini sikubaliani na mwenzetu anayetaka kufanya hivyo hapa. Bedford yangu ya kwanza ilitoka kiwandani Luton, Uingereza, ikiwa chesisi na kabini tu; bodi yake ya mninga ilitengenezwa na seremala wa Kihindi na vijana wake wa Kihehe, misumari yake imepigwa kwa mkono, na ubao wa mbele juu ya kabini umechorwa twiga wawili ambao rangi yao imepauka kama kanga ya kale. Springi ya nyuma ya kushoto ina majani mawili ya Isuzu. Tangi la mafuta limezibwa kwa madini ya risasi na fundi ambaye simjui, kwa ustadi ambao mimi mwenyewe sina. Nikiyaondoa hayo yote na kununua vipya kutoka ng'ambo, nitakuwa nimelihifadhi lori la Luton na kulipoteza la Iringa. Kwa hiyo ninazuia kutu, ninalainisha, ninabadilisha kile tu kinachohatarisha maisha, na viraka naviacha vilivyo.

Breki ni katika hivyo vinavyohatarisha maisha, na hapo sina msalie mtume. Raba za silinda za magurudumu zilizokaa miaka 30 bila kazi huonekana nzima kwa macho, lakini hupasuka mguu unapozikanyaga kwa nguvu mara ya kwanza mteremkoni. Vilevile ringi za zamani zenye pete ya kufungia zinahitaji hadhari kubwa: wakati wa kujaza upepo, pete ikiwa haikukaa vizuri au imeliwa na kutu, huruka kwa nguvu ya kuua mtu, na nimemzika mwenzetu mmoja kwa ajali ya namna hiyo. Asiyekuwa na kizimba cha chuma cha kuwekea gurudumu hilo asijaze upepo. Jambo jingine dogo lakini lenye kuharibu magari mengi ni spana. Bedford na Albion ni magari ya inchi, Fiat ni ya milimita, na kijana anayelazimisha spana ya milimita kwenye nati ya inchi huizungusha kona zote hadi ikawa duara, kisha huleta patasi na nyundo, na hapo kifaa ambacho hakitengenezwi tena popote duniani kinakuwa kimekufa kwa uvivu wa kutafuta spana yake.

Vipuri si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Bushi huchongwa, gasketi hukatwa, na pampu ya dizeli ikimpata fundi wake hufufuka. Kinachonitia hofu ni kupotea kwa masikio. Jirani yangu mmoja, dereva mstaafu aliyepita umri wa miaka 80, alikuja siku niliyowasha Bedford ya pili kwa mara ya kwanza. Nilimwamkia, nikampa kiti, lakini hakukaa. Alichukua spana ndefu, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine akaibana sikioni, akafumba macho, akahamisha spana polepole kutoka silinda hadi silinda, huku moshi mweupe ukimzunguka miguuni. Kisha akasema, "Nozeli ya nne inakojoa, mwanangu," maana yake kinyunyizio cha dizeli cha silinda ya nne kinavuja. Nilikuwa nimekwisha kuandaa kuifungua pampu nzima. Nikafungua nozeli ya nne peke yake, na ikawa kama alivyosema. Elimu hiyo haikuandikwa, haifundishwi katika chuo chochote, na wenye nayo wanaondoka kila mwaka. Lori likikatwa, hata aliye hai kati yao hana tena mahali pa kuionyesha, kwa sababu huwezi kumwonyesha kijana sauti ya nozeli kwa maneno matupu.

Kuhusu rangi na alama za jeshi, naomba wenzangu tuwe waangalifu. Mtu aliyenunua gari lililowahi kuwa la jeshi kwa njia halali na akawa na kadi yake hana kosa la kulimiliki, lakini kulipaka rangi za mabakamabaka na kulitembeza mjini ni kuwatia watu hofu na kuvitia vyombo vya ulinzi mashaka yasiyo na sababu. Land Rover yangu nimeiacha na kijani chake kilichofifia, bila namba wala nembo, na kila ninapotaka kuitoa kwenda kwenye maonyesho ya shule hupita kwanza kituo cha polisi kutoa taarifa. Pia siungi mkono mtindo wa kufunga bunduki za mbao juu ya magari haya ili kupigia picha. Waliopanda magari hayo kwenda vitani wengine hawakurudi, na familia zao bado zipo katikati yetu.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuhifadhi mikweche, na kwamba chuma kile kikiyeyushwa kinakuwa nondo za kujengea madarasa. Naielewa hoja hiyo, na sisemi kila lori bovu lihifadhiwe. Ninachosema ni kwamba chuma cha Fiat moja hakijengi darasa, lakini Fiat moja iliyosimama mahali panapoonekana inaweza kuwafundisha watoto wa mikoa mitano jinsi nchi mbili zilivyokataa kupigishwa magoti. Tena tukumbuke kwamba ushuru wa uchakavu hulifanya gari kuukuu lililotoka nje kuwa ghali kupita uwezo wa mtu wa kawaida. Kwa hiyo haya yaliyomo ndiyo yote tutakayokuwa nayo. Na mapenzi ya wananchi yapo. Oktoba 2024 tuliona Arusha ilivyofurika Land Rover kutoka kila pembe, na watu wazima wakizipapasa bodi zake za aluminiamu kama wapapasavyo ng'ombe wao. Land Rover imepata bahati ya kupendwa na watalii. Lori halina mtalii wa kulisemea.

Ombi langu la kwanza nalielekeza kwa wenye yadi na kwa mashirika yanayopiga mnada magari mabovu: kabla hamjamwita mkataji, someni bamba la chesisi, pigeni picha, na tangazeni kwa wiki mbili tu kwamba lipo. Sisi wakusanyaji tutalipa bei ileile ya chuma, na usafiri ni juu yetu. Kwa wasimamizi wa makumbusho yetu naomba lori moja, moja tu kwa kuanzia, liwekwe chini ya paa, kwa kuwa Iringa, Makambako na Mbeya bado zina mabaki yanayoweza kuunganishwa yakawa gari kamili. Mamlaka za usafiri barabarani nazo natamani zituwekee utaratibu ulio wazi wa kulitambua gari la kihistoria, likaguliwe breki na usukani, kisha liruhusiwe kutembea siku chache kwa mwaka bila kulazimishwa kulingana na lori linalofanya kazi kila siku. Na kwa watoto na wajukuu wa madereva: mwulizeni mzee leo, mwandike majina ya vituo, mizigo, mito iliyofurika na matanboi aliofanya nao kazi. Leseni zake za zamani msizitupe.

Mlango wa ile Fiat nimeufuta vumbi, nikaupaka mafuta kidogo ili kutu isiendelee, na nimeutundika ukutani sebuleni, upande ambao jua haliufikii. Aliyeandika majina yale alikuwa na tabia moja ambayo huenda mtu akaikumbuka: herufi N ya Ndola aliigeuza kinyume, na kistari cha mwisho kabisa hakukimaliza, kinaanza juu kwa nguvu, kisha kinaishia katikati. Kama yupo msomaji aliyewahi kuuona mwandiko huo kwenye barua za nyumbani kwao au kwenye daftari la safari, Mhariri anayo anwani yangu, na mlango ni wake.

Mkusanyaji wa malori ya kale,
Iringa